Stata Haigongwi

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijashika makali, abiria waliteremka mmoja mmoja kutoka kwenye gati na kuingia kwenye boti. Muuguzi alikaa mbele, sare yake ameifunika kwa plastiki isirukiwe na maji. Fundi cherehani alikaa katikati, amekikumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga. Waliobaki walibanana kwenye viti vya mbao wakipiga soga. Wote walikuwa wanavuka mto kwenda kazini.

Lakini boti haiondoki hivi hivi. Kwanza lazima Kepteni aigonge stata.

Kepteni ndivyo walivyomwita watu wote, hata mama mkwe wake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mabega mapana, mdomo haulali. Boti aliachiwa na marehemu baba yake, na pamoja na boti aliachiwa vitu viwili. Cha kwanza ni kibao cha bati kilichofungwa ubavuni kwa nati nne nene. Kilisema: ABIRIA KUMI NA WANNE. Bila kibao hicho huruhusiwi kubeba hata paka. Cha pili ni spana, nzito, ndefu kama mkono wa mtu, iliyoning'inia kwa kamba kwenye sanduku la injini.

Kepteni alizungusha ufunguo. Injini ikajibu tk, halafu kimya. Akafungua mfuniko wa sanduku, akashika spana, akailenga stata. Stata ni ile mota ndogo inayoizungusha injini kubwa mpaka iwake. Abiria walishajua kazi yao. Wakahesabu kwa pamoja.

"Moja. Mbili. Tatu."

Ngo, ngo, ngo. Akazungusha tena ufunguo, injini ikanguruma, watu wakapiga makofi. Kepteni akainua spana juu kama mtu aliyeshinda kombe. Baba yake alikuwa akisema pigo la kwanza ni la kumwamsha, la pili la kumsalimia, la tatu la kumkumbusha kazi. Kepteni aliyarudia maneno hayo kila siku, na kila siku abiria walicheka kama wanayasikia mara ya kwanza.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mke wake, Mama Pacha, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea abiria na kufungua kamba. Alisema ile stata ingekuwa punda ingeshampiga Kepteni teke siku nyingi.

Na jirani yao pia alikuwa na lake. Huyu walimwita Mama Feni, kwa sababu mlangoni kwake zilining'inia feni za kila aina zikisubiri kutengenezwa. Siku moja alipanda boti, akausikia ule mlio, akasema kwa upole, "Jirani, hiyo stata inaomba msaada."

Kepteni aliwageukia abiria kwanza, ahakikishe wanasikiliza. "Mama Feni, wewe shughulika na upepo wako. Maji niachie mimi."

Boti nzima ikaangua kicheko. Mama Feni naye akacheka. Lakini hakusema tena.

Kitu kimoja Kepteni alikipenda kuliko vyote. Boti yake haijawahi kuvutwa. Tangu enzi za baba yake mpaka leo, haijawahi kufungwa kamba nyuma ya boti nyingine kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Aliwaambia watu wa gati, aliwaambia abiria wageni, aliwaambia watoto wake pacha kabla hawajajua kutembea.

Halafu ikaja Jumatatu.

Katikati ya mto, magugu ya maji yalijisokota kwenye pangaboi, yale makafi ya chuma yanayosukuma boti. Kepteni akazima injini, akayakata, akayatupa. Kazi ya dakika mbili. Akazungusha ufunguo.

Tk.

Abiria wakahesabu. Moja, mbili, tatu. Akazungusha.

Tk.

Wakahesabu tena, safari hii kwa sauti ndogo. Halafu wakaacha kuhesabu. Kepteni alikuwa anagonga peke yake, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi, na mkondo unaivuta boti taratibu kuelekea nguzo za daraja la zamani. Muuguzi alimshika mkono jirani yake. Fundi cherehani aliuliza, bila kumwangalia mtu, kama cherehani inaelea.

Mama Pacha hakusubiri. Alivua kitambaa cha kichwa, akasimama juu ya kiti, akakipunga mpaka watu wa boti moja iliyokuwa imebeba mchanga wakamwona. Walifika nguzo ikiwa karibu kiasi cha kuona konokono walioganda juu yake. Wakatupa kamba.

Ndivyo boti ya Kepteni ilivyovutwa mpaka gatini, mbele ya macho ya watu wote wa gati, huku dereva wa boti ya mchanga akipiga mluzi.

Mkaguzi wa bandari alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa mzee mwembamba, mkavu, mwenye mkoba wa ngozi ambao hakuwahi kuuweka chini, maana sakafu za boti zina maji.

"Kepteni," alisema, "nimehesabu mapigo thelathini na moja kutoka hapa nilipo."

"Ingewaka, mzee. Ilikuwa imebaki kidogo."

"Kilichobaki kidogo ni nguzo."

Mkaguzi akasema anaomba spana afungue kibao. Kepteni akamnyoshea yake. Mkaguzi akaitazama, akaigeuza, akamrudishia.

"Hii siyo spana tena. Hii ni nyundo."

Akaazima nyingine kwa wale wa boti ya mchanga. Akafungua nati nne, moja baada ya nyingine, na kibao cha marehemu kikaingia kwenye mkoba. Alieleza sharti lake bila kupandisha sauti. Ijumaa saa sita mchana atarudi. Injini iwake mara tatu mfululizo: washa, zima, washa, zima, washa. Bila kugongwa. Ikishindikana, kibao kitakwenda kwa boti nyingine iliyo kwenye foleni, na foleni ilikuwa ndefu.

Siku hiyo Kepteni hakula mchana. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akasema tatizo ni betri. Akaazima betri ya shemeji yake, akaibeba mpaka gatini, akaifunga. Tk. Akasema tatizo ni ufunguo. Akabadilisha swichi ya ufunguo. Tk. Kufika Jumanne mchana alikuwa ameshabadilisha vitu viwili, na boti ilikuwa inamjibu neno lile lile.

"Wewe unafanya matengenezo au unacheza bahati nasibu?" Mama Pacha alimuuliza.

Alimwambia aende kwa Mama Feni. Kepteni akasema yule ni fundi wa feni, hii ni boti. Mke wake akamuuliza kama anajua Mama Feni alikuwa anafanya nini kabla ya feni. Kepteni hakujua. Mama Pacha alijua, kwa sababu yeye huwa anawauliza watu habari zao badala ya kuwahadithia za kwake. Mama Feni alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye karakana ya boti. Kazi yake ilikuwa mota za umeme. Stata zilikuwa zikipita mikononi mwake kama maandazi.

Kepteni akasema ana safari fupi ya kwenda gereji. Mama Pacha alimwangalia akiondoka, akajifunga shuka kiunoni, akaenda kwa jirani yeye mwenyewe.

Kepteni aliporudi, amebeba kitu kizito kwenye gunia, alimkuta Mama Feni ameshakaa ndani ya boti. Amevua pete na saa. Amefungua sanduku la injini wazi kabisa na ananusa.

"Unanusa nini?" Kepteni aliuliza.

"Petroli. Kabla hujagusa waya wowote, acha hewa ipite. Ukisikia harufu, usiwashe kitu, tafuta kwanza inakovuja." Akanusa tena. "Hakuna. Haya, karibu kwenye boti yako, mdogo wangu."

Hakusema habari ya upepo wala maji. Kepteni alikuwa amejiandaa kusimangwa, na kule kutosimangwa kulimuuma zaidi.

Mama Feni alimwambia stata ina lugha yake, na mtu akiijua hahitaji kubahatisha. Ukizungusha ufunguo ukapata kimya kabisa, umeme haufiki. Tazama betri, fyuzi, na gia, maana injini nyingi za boti haziwaki gia isipokuwa katikati, kwenye fri. Ukisikia tk-tk-tk-tk ya haraka haraka, betri imechoka au nyaya zake zimelegea. Ukisikia mota inazunguka bure na injini haisogei, meno ya stata hayashiki. Na ukisikia tk moja tu?

"Ndiyo yangu," Kepteni alisema.

"Ndiyo yako. Umeme umefika mahali, ukakwama. Tutafute umekwama wapi."

Walianza na betri ya boti, maana ile ya shemeji ilisharudishwa. Vichwa vyake vilikuwa na unga mweupe, kama vimepakwa jivu. Mama Feni alifungua kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya, akavisugua kwa brashi na maji yenye magadi mpaka vikang'aa. Akafunga chanya kwanza, hasi mwisho. Alimwambia Kepteni airudie hiyo kwa mdomo: kufungua, hasi kwanza; kufunga, hasi mwisho. Ukifanya hivyo, spana ikigusa chuma kwa bahati mbaya hairushi cheche. Kepteni alirudia mara mbili kama mtoto wa chekechea, na Mama Pacha alifurahi kupita kiasi.

Akaweka mita ya umeme kwenye betri. Volti kumi na mbili nukta sita. Betri nzima.

"Mama Pacha, zungusha ufunguo."

Tk. Betri ilibaki juu ya kumi na mbili. Mama Feni alieleza kwamba stata inapofanya kazi kweli, inanyonya umeme mwingi na namba lazima ishuke. Hapa haikushuka. Maana yake stata haikuuonja umeme kabisa. Kisha akawaonyesha kikopo kidogo pembeni ya injini. Kinaitwa solenoidi. Ufunguo ukizungushwa, chenyewe ndicho kinachofungua njia ya umeme mkubwa kwenda kwenye mota, na ule mlio wa tk ni wake. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye waya mnene unaotoka kwenye solenoidi na kuingia kwenye stata, ncha nyingine kwenye mwili wa stata. Mama Pacha akazungusha tena.

Tk. Volti kumi na mbili nukta tatu.

"Chakula kimefika mezani," Mama Feni alisema, "na mgeni hali. Betri nzima, nyaya nzima, solenoidi inapitisha. Mgonjwa ni stata yenyewe."

Kepteni akainama kuitazama. Siku mbili alikuwa anapigana na boti nzima. Sasa adui alikuwa mmoja, ukubwa wa chupa ya chai.

Waliitoa. Mama Feni aliomba kalamu, akafunga kipande cha karatasi kwenye kila waya na kuandika unakotoka. Hasi ilitoka kwanza. Kepteni aliishika stata kwa mikono miwili wakati boliti ya mwisho inatoka, maana kitu kile ni kizito na kikiponyoka kinatoboa boti. Wakaibeba mpaka kwenye kibanda cha feni, wakaifungua juu ya meza.

Kitu cha kwanza kilichotoka ni vipande vyeusi vya kitu kama mawe.

"Hizi ni sumaku," Mama Feni alisema. "Au zilikuwa sumaku. Na hizi hapa ni brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Tazama, zimeisha, zimebaki kama meno ya mzee. Ulipokuwa unagonga, zilikuwa zinasogea kidogo, zinagusa, injini inawaka. Ungeweza kuzibadilisha tu, kazi ya saa moja. Lakini kishikio cha brashi kimevunjika, na sumaku zimepasuka. Hii haifufuki." Akainua lile ganda la chuma. Lilikuwa na mashimo ya mapigo, mamia, yote mahali pamoja. "Ulianza kuigonga lini?"

"Siku niliyoifunga. Mwaka juzi."

"Ilikuwa mpya?"

"Mpya kabisa."

"Na ilikuwa haiwaki mpaka ugonge?"

Kepteni alijikuna shingo. Alitazama feni moja, akatazama nyingine. "Ilikuwa inawaka yenyewe. Lakini abiria walikuwa wameshaanza kuhesabu, dada."

Mama Pacha alilaza kichwa mezani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Feni alijizuia kidogo, naye akashindwa. Mwishowe Kepteni mwenyewe alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mjinga?" aliuliza.

Mama Feni aliacha kucheka. "Hapana. Nilimjua baba yako. Stata yake ilikuwa ya zamani, ndani hamna sumaku, ni waya mnene uliosukwa. Ile inavumilia kugongwa. Na hata yeye, kugonga kulikuwa kwa kufikia gatini tu, ndiyo maana alikuwa anakuja karakana kila mwaka nimbadilishie brashi. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Au pengine alimwambia, na Kepteni alikuwa anasubiri zamu yake ya kuongea.

Halafu akakumbuka gunia lake. Akalifungua kwa fahari. Ndani kulikuwa na stata ya gari, safi, inang'aa. Rafiki yake wa gereji amesema itaingia bila shida, matundu ya boliti ni yale yale. Basi mchezo umekwisha, waifunge leo hii.

Mama Feni aliipima kwa macho. Kisha akachukua mota ya zamani ya mashine ya kusagia, iliyokuwa wazi, akaiunga kwenye umeme, akachukua shuka nzito, akamwambia Kepteni aingie chini yake na mota. Kepteni aliingia. Mama Feni akawasha.

"Unaona nini?"

"Cheche," sauti ilitoka chini ya shuka. "Cheche za bluu. Nyingi. Kila mahali brashi zinapogusa."

Wakati huo huo mteja aliyefuata feni yake alichungulia mlangoni, akaona shuka inaongea, akasema atarudi baadaye.

Kepteni alipotoka, nywele zimesimama, Mama Feni alimweleza taratibu. Kila mota ya brashi inatoa cheche. Kwenye gari si kitu, injini iko hewani, mvuke wa petroli unapeperuka. Boti ni bakuli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka chini kwenye ngama, pale maji yanapotuama chini ya sakafu, na unakaa humo unasubiri. Stata ya boti imezibwa ili cheche zisiufikie mvuke. Stata ya gari haikuzibwa. Inaingia, ndiyo. Inawaka, ndiyo. Mpaka siku petroli ivuje kidogo tu.

"Una abiria kumi na wanne," alisema. "Na mke wako ndiye anayekaa juu ya lile sanduku."

Kepteni alimwangalia Mama Pacha. Akairudisha stata ya gari kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia kwa mafundo matatu.

Stata ya boti ilipatikana Jumatano, duka la vifaa vya boti, kwa pesa waliyokuwa wameiweka ya kupaka rangi. Boti itakaa na rangi yake ya zamani, Mama Pacha alisema, haijawahi kumzamisha mtu kwa kuchuja. Lakini Mama Feni hakuwaruhusu kulipa mpaka ilinganishwe na ile mbovu: idadi ya meno, matundu ya boliti, na upande inaozungukia, maana baadhi ya injini za boti huzunguka kinyume. Muuza duka alichoka nao. Kepteni aliyahesabu meno mwenyewe, mara mbili, kidole kimoja kimoja.

Alhamisi asubuhi Mama Feni alikuja gatini akakaa juu ya kiti cha abiria, mikono kifuani. Alisema leo yeye ni mtazamaji.

"Nifanye peke yangu?"

"Boti ya nani?"

Kepteni alifungua sanduku, akaacha hewa ipite, akanusa. Waya wa hasi ulikuwa bado umefunguliwa. Alichukua msasa, akaikwangua sehemu ya injini stata inapokaa, akaondoa kutu na rangi mpaka chuma kikawa cheupe, kwa sababu umeme unarudi kupitia mwili wa stata, na kutu haipitishi. Akaipandisha stata, akaingiza boliti kwa vidole kwanza, kisha akakaza kidogo hii, kidogo ile, ikae sawa. Akasoma vile vikaratasi, akarudisha kila waya kwake. Chanya. Mwisho, hasi. Akaweka gia katikati. Akanusa tena.

Hapo mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye spana. Aliukuta katikati ya safari, akaurudisha.

Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Haikuwaka kwa taabu, haikukohoa. Iliwaka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kepteni aliizima, akaiwasha tena. Akaizima, akaiwasha. Mama Feni alimwambia akumbuke, ikikataa siku moja, asishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi. Apumzishe dakika mbili, stata isiungue. Kepteni aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake ilivyochafuka, na alikuwa anaipenda.

Ijumaa saa sita gati lilijaa. Muuguzi alikuwepo, fundi cherehani alikuwepo, wale wa boti ya mchanga walikaa juu ya mchanga wao kama wako uwanjani. Mkaguzi aliingia ndani ya boti, akaomba spana, akaishika mkononi. Sakafu ilikuwa na maji kidogo, kwa hiyo mkoba wake aliuegesha juu, pembeni ya usukani.

"Washa."

Kepteni aliwasha. Injini ikanguruma.

"Moja," watu wa gatini walisema, kwa mazoea tu.

"Zima. Washa."

Ikawaka.

"Mbili."

"Zima. Washa."

Kepteni akazungusha ufunguo. Kimya. Hakuna ngurumo, hakuna hata tk. Akazungusha tena. Kimya kile kile.

Mtu wa boti ya mchanga alianza kupiga mluzi, Mama Pacha akamtazama, akaacha. Mama Feni alikuwa amesimama mbele kabisa. Kepteni alimwangalia, akitegemea neno. Mama Feni akaangalia mbali, kama mtu ambaye hayamhusu.

Mkono wa Kepteni ulikuwa unawasha kwa hamu ya spana. Alivuta pumzi. Akajiuliza: nimesikia nini? Sikusikia kitu. Siyo tk. Kwa hiyo stata haijakosea, umeme haujafika kabisa. Betri? Imeiwasha mara mbili sasa hivi. Nyaya? Akazigusa, zimekaza. Fyuzi? Akaitazama, nzima. Gia?

Akageuza macho kwenye mkono wa gia. Mkoba wa ngozi ulikuwa umeteleza kwa mtikisiko wa injini, umeulalia, umeusukuma mbele kiasi cha upana wa kidole.

"Mzee," Kepteni alisema, "samahani. Injini haikatai. Inasubiri utoe mkoba wako kwenye gia."

Mkaguzi aliutazama mkoba. Akautazama kama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Akaunyanyua. Kepteni akarudisha gia katikati, akazungusha ufunguo, na injini ikanguruma mpaka vyombo vya muuza chai pale gatini vikatikisika.

"Tatu."

Safari hii hawakusema kwa mazoea. Walipiga kelele. Fundi cherehani alimkumbatia muuguzi, halafu wote wawili wakaona haya. Dereva wa boti ya mchanga alisimama akavua kofia.

Mkaguzi alisubiri kelele zipungue. Alisema katika miaka yake yote ya ukaguzi ameona watu wengi wakigonga, wakitukana, wakiomba dua. Mtu aliyesimama akafikiri, huyu ni wa kwanza mwaka huu. Akafungua mkoba, akatoa kibao.

Kepteni alikipokea kwa mikono miwili. Alikifuta kwa shati lake, akakiweka mahali pake ubavuni, akaingiza boliti za baba yake. Kisha akamwita jirani yake mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile aliyomtania nayo.

"Dada, njoo ukae mbele. Na mimi mtu akiniuliza nani alinifundisha, nitamtaja fundi wa feni."

"Taja fundi wa mota," Mama Feni alisema. "Feni ni jina la mlangoni tu."

Akapanda, akakaa mbele, karibu na muuguzi. Abiria wakaingia, kumi na wanne kamili. Mama Pacha akashika kamba, tayari kuifungua.

Zilikuwa zimebaki nati za kukaza. Mkaguzi alikuwa bado ameishika ile spana nzito. Akaitazama mara nyingine, akamnyoshea Kepteni. Kepteni akaijaribu kwenye nati ya kwanza. Mdomo wa spana ulikuwa na makovu, lakini ulishika. Akakaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa miaka miwili ile spana ilikuwa nyundo. Siku hiyo ilifanya kazi ya spana.